Fanya upekuzi wa hati mara mbili

Nimejifunza hili juzi nikimsaidia ndugu kununua nyumba Dar es Salaam: upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, yaani kuomba taarifa za hati hiyo kwenye daftari la ardhi, ufanywe kabla ya kusaini mkataba, kisha urudiwe siku moja au mbili kabla ya kulipa fedha iliyobaki, kwa sababu majibu yake yanaonyesha hali ya daftari siku ile tu, na katika wiki za kusubiri muuzaji anaweza kuiweka hati rehani benki, au mtu mwingine akasajili zuio la kuiuza. Jina la mmiliki, namba ya hati, kiwanja na kitalu vilinganishwe herufi kwa herufi na hati halisi, si kivuli chake, ambacho madalali hupenda sana kukitembeza. Njia hii haifai kwa kiwanja kisichosajiliwa, ambacho kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Huko itabidi kuwauliza majirani wa mipaka yote. Wala upekuzi hauonyeshi kila mara kama muuzaji ana mwenza, ilhali Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake nyumba ya familia inapouzwa au kupangishwa, hivyo idai ridhaa hiyo kwa maandishi.