Mkulima wa bonde la Zigi, zuia maji ukiwa juu

Mto Zigi si mrefu, ila unashuka kwa kasi. Unaanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Unapokea Kihuhwi na vijito vingine, unajaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa Jiji la Tanga, kisha unaingia Bahari ya Hindi. Huko juu mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ikikuta shamba tupu lililolimwa kufuata mteremko, udongo wa juu wenye rutuba hushuka nayo hadi bwawani.

Tukisikia hifadhi ya mto, wengi tunawaza kingo tu. Kingo zitunzwe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Lakini miti ya ukingoni haiwezi peke yake kuzuia tope la mashamba yote yaliyo juu yake. Kazi ianzie juu.

Pima makinga maji, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko kuzuia maji na udongo, kwa fremu A, haina gharama. Kata fito mbili za mita 2, zifunge zikutane juu, kisha funga ufito wa tatu katikati kuzishika. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka pale zinapokutana. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa ufito wa kati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Sasa ivushe kukata mteremko, na kila mguu unapotua kamba ikiwa katikati, pigilia kigingi. Mstari ukipinda, uache upinde, ndivyo mlima ulivyo. Panda juu yake majani ya guatemala au mabingobingo, mashina yakaribiane. Yatashika udongo, na ng'ombe wa bandani watapata malisho.

Penye mteremko mkali sana usichimbe mitaro ya kutuamisha maji, yanaweza kuporomosha kipande kizima cha ardhi. Pawe pa miti: karafuu, mdalasini, na pilipili manga inayotambaa juu yake.

Iliki inanitia wasiwasi zaidi. Inapenda kivuli, kwa hiyo shamba lake kwa mbali huonekana kama msitu, kumbe chini miche michanga yote imefyekwa na hakuna mti wa kurithi ile mikubwa. Baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, na hapo ndipo watu huangusha kivuli wapande mihogo au mahindi. Tafadhali usifanye hivyo. Acha miche ya miti ikue katikati ya iliki, na iliki ikichoka, tumia miti hiyo hiyo kupandishia pilipili manga.

Kwenye chemchemi usipande mikaratusi, inakunywa maji mengi. Mikuyu na mizambarau inafaa.

Makinga maji hayajui mpaka wa shamba. Kama jirani aliye juu yako hajaweka, mvua moja kubwa itavunja yako. Kaeni pamoja Januari au Februari, pigilieni vigingi kuanzia shamba la juu kabisa, na vipando vya majani viwe tayari mvua za kwanza za masika zinapoanza mwezi Machi.