Namna ya kutizama uzito unapoangukia kwenye nyayo za mtu mzima

Kama nyumbani una bibi au babu anayelalamika nyayo zinamuuma, kabla hujamkanda mafuta mtizame kwanza anavyokanyaga. Mtu mwenye nguvu zake anatua kwa kisigino, uzito unapita ubavu wa nje wa wayo, unakuja chini ya vidole, halafu anajisukuma kwa kidole gumba. Watu wazima wengi hatua zao huwa fupi, wayo wanautua wote kwa pamoja, vidole havisukumi tena, na ile nyama laini ya kisiginoni na chini ya vidole imepungua au imekuwa ngumu, kwa hivyo mfupa ndo unaobeba.

Spitali nyengine duniani wana mikeka ya kompyuta ya kupimia presha hii. Wewe anza na makubadhi yake, maana ngozi inashika alama ya kila kidole, pale palipobonyea na kung'aa weusi ndipo anapokandamiza. Yageuze utizame soli, ukiona la kulia limelika sana kuliko la kushoto basi pengine kuna mguu anaukwepa, labda goti au nyonga inamuuma na hajasema, wazee wetu wanaficha sana haya.

Halafu mrowanishe nyayo kidogo apite juu ya boksi lililokunjuliwa, barazani au uani, mtu amshike mkono na msifanye kwenye marumaru, akiteleza akavunjika nyonga hiyo ni balaa kubwa. Apite akitembea, asisimame tu. Katikati pakijaa maji pote upinde wa wayo umeshuka, vidole visipotoka kabisa basi havigusi chini.

Sugu sasa. Inaota pale panapobanwa na kusuguliwa kila siku, na tafadhalini msiikate kwa wembe, hasa mwenye maradhi ya sukari. Huyo mwambie afumbe macho, umguse kidogo tu, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, aseme akihisi. Katika hivyo 6 asipohisi 2 au zaidi mpelekeni akapimwe, na asitembee tena pekupeku hata uani, na kila usiku mtu amkague nyayo. Sugu yenye weusi wa damu ndani usingoje, chini yake huenda kuna kidonda.

Viatu, nnavyoona mimi ndara zile nyembamba ndo adui, vidole vinakazana kuzishika zisitoke. Mtafutie chenye kamba nyuma ya kisigino, kipana mbele, soli nene kidogo isiyoteleza, na msikitini pale pa kutilia udhu mtu awe karibu yake.

Mazoezi ni kunyanyua visigino taratibu huku ameshika ukuta, na akikaa avute taulo kwa vidole vya miguu. Lile boksi zungushia kalamu alama za nyayo kabla hazijakauka, andika tarehe uliweke, mrudie baada ya miezi miwili mitatu mlinganishe, na mkienda kwa daktari mchukue pamoja na makubadhi yale ya zamani.