Mfuko wa Kinga Njaa Haukaushi Mahindi

Vikundi vya wakulima vikifungua maghala miezi ya njaa, malalamiko ni yale yale kuanzia Sengerema hadi Ukerewe: mifuko ya kinga njaa ni feki, mahindi yameota ukungu. Mfuko hauna kosa. Mmeyaingiza mahindi yakiwa na unyevu mkidhani yatamalizikia kukauka humo. Mfuko huu, yaani mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia, unazuia hewa, ndiyo maana dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anakufa bila dawa. Unyevu nao haupati pa kutokea.

Mahindi ya vuli ndiyo yanayotuponza. Mnavuna Januari na Februari, unyevunyevu wa Ziwa Victoria upo, masika yako njiani, basi kila mtu ana haraka. Anauma punje, ikilia "ka!" anafunga gunia. Meno si kipimo.

Chukua chupa ya kioo, safi, kavu, yenye kifuniko. Jaza mahindi hadi robo au theluthi, ongeza vijiko vikubwa vitatu vya chumvi kavu (chumvi iliyolowa itakudanganya), tikisa dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, msishangilie. Hapo unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 tu, nasi tunataka 13. Anika tena siku moja au mbili za jua kali.

Tandaza kwenye turubai au chanja, unene usizidi sentimita 5, geuza kila saa, funika kabla ya umande. Dagaa mnawajengea chanja, mahindi ya watoto mnayamwaga chini! Yaache yapoe ndipo ujaze.

Mlangoni mwa ghala pimeni kila gunia, la mwenyekiti likiwemo. Mkichanganya mavuno, debe moja la mtu mwenye haraka linaharibu mfuko mzima wa kilo 100. Na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kagua matundu kwa kujaza hewa mifuko ya ndani. Acha sentimita 30 juu, sokota, kunja, funga kwa kamba, mmoja mmoja, yote mitatu. Usifungue kabla ya miezi miwili. Punje zikitoka zinang'aa na hazina harufu, mmefanikiwa.

Mahindi ya kwenye chupa msiyarudishe guniani: chumvi huvuta unyevu.