Somo: Minyoo fundo hudhibitiwa kabla ya kupanda

Nyanya inanyauka mchana ilhali udongo una unyevu, jioni inajiinua. Usikimbilie dawa ya mnyauko. Chimbua mmea mmoja taratibu, osha mizizi. Ukikuta mafundo, ni minyoo fundo (Meloidogyne), minyoo wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi.

Hatua ya 1: Hakikisha. Kwenye maharage watu hukosea sana. Vinundu vya naitrojeni, vyenye bakteria wanaolisha mmea, hushikilia ubavuni mwa mzizi, ukivisugua vinatoka. Fundo la minyoo halitoki, maana ni mzizi wenyewe uliovimba.

Hatua ya 2: Ng'oa mizizi ya zao lililopita, ikaushe, uichome. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na udongo ukiwa na joto kizazi kipya hukomaa kwa takriban mwezi. Mizizi hiyo usiitupe kwenye mboji.

Hatua ya 3: Panda marejea (Crotalaria) kwa kubanana, miezi 2 hivi. Minyoo huingia mizizini mwake lakini wengi hawafikii kutaga. Ifyeke kabla haijakomaza mbegu, uifukie. Palilia! Mnavu ukibaki humo, umewafuga minyoo.

Hatua ya 4: Tumia kuvu rafiki. Purpureocillium lilacinum hushambulia mayai. Pochonia chlamydosporia vilevile. Anza kitaluni, kisha weka kwenye mashimo siku kadhaa kabla ya kuhamisha miche. Fanya jioni, udongo ukiwa na unyevu, kwa kipimo cha kwenye kifungashio. Usiichanganye na dawa ya kuua ukungu: hii nayo ni kuvu, utaiua. Miche yenye mafundo usiipande hata kama imekugharimu.

Maswali

*Nyanya zangu zina wiki 6 na mafundo tayari. Niweke kuvu sasa?*
Utapunguza mayai, zao lijalo litakushukuru. Hizi hazitapona: jike yumo ndani ya mzizi, kuvu haimfikii vizuri. Mwagilia kidogo kidogo mara kwa mara, uvune utakachopata.

*Nimepanda marigodi (Tagetes) pembezoni mwa shamba, mbona sioni tofauti?*
Kazi yake iko mizizini, haisafiri hadi katikati ya shamba. Ijaze shamba zima kabla ya mboga, na chagua aina ya patula.

*Je, nyanya kinzani (aina inayohimili minyoo fundo) peke yake inatosha?*
Inasaidia, lakini ukinzani huo, unaotokana na jeni iitwayo Mi, hulegea joto la udongo likizidi nyuzi 28 hivi. Kwenye joto kali usiiache peke yake, tanguliza marejea.