Somo: Jinsi ya kujua umri wa nishani za kale za Japani

Anayeanza kukusanya nishani za Kijapani hukosea mapema kwa kuuamini mwaka ulioandikwa mgongoni. Mara nyingi mwaka huo ni wa vita, wa sherehe au wa kuanzishwa kwa nishani yenyewe. Hausemi lini kipande kilicho mkononi mwako kilitengenezwa. Chukua medali ya uanachama ya Msalaba Mwekundu wa Japani, ambayo imejaa sokoni. Mgongoni imeandikwa 明治二十一年, yaani 1888, na maandishi hayohayo yaliendelea kupigwa kwa miongo kadhaa. Zipo za fedha na zipo za alumini, na za alumini ni za baadaye. Muuzaji akikuambia "hii ni ya 1888" kwa sababu tu ya mwaka huo, bado hajakuambia kitu.

Vifaa: lenzi ya kukuza mara 10, kalipa (kifaa cha kupima kipenyo), mizani inayosoma gramu 0.1, sumaku, glovu za pamba, na tochi ya urujuanimno, ileile inayotumika kukagua noti bandia.

Hatua ya 1: Soma maandishi, ukianzia kulia

Kabla ya 1945 maandishi ya mlalo kwenye nishani yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kipande cha chuma kilicho juu ya medali nyingi za vita kina herufi 從軍記章, "nishani ya kushiriki vita", na 從 iko upande wa kulia. Ukisoma kutoka kushoto hutapata maana.

Kisha tafuta jina la enzi, yaani kipindi cha utawala wa mfalme ambacho miaka huhesabiwa kwacho. 明治 ni Meiji: ongeza 1867. 大正 ni Taisho: ongeza 1911. 昭和 ni Showa: ongeza 1925. Tarakimu ni 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十, na 年 ni "mwaka".

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni namba za miaka iliyounganishwa: 明治三十七八年 si mwaka wa 378, ni mwaka wa 37 na wa 38 wa Meiji, yaani 1904 na 1905, vita na Urusi. Vivyo hivyo 二十七八年 ni 1894 na 1895, vita na China. Medali hiyo ilitengenezwa kwa bronzi ya mizinga iliyotekwa kwa Wachina. Mtego wa pili ni neno 乃至, "mpaka". 大正三年乃至九年 ni kuanzia 1914 mpaka 1920.

Ukikuta 紀元二千六百年, hiyo si enzi ya mfalme. Ni hesabu ya miaka tangu dola ilipoanzishwa kwa mujibu wa mapokeo ya Kijapani. Toa 660, unapata 1940.

Hatua ya 2: Jua kama ni medali ya tukio au nishani ya heshima

Medali ya tukio ina mwaka au jina la tukio. Nishani ya heshima yenye madaraja haina mwaka hata kidogo, na kazi halisi ya kupima umri ndiyo inaanzia hapa. Nishani ya Jua Linalochomoza ilianzishwa 1875, ya Hazina Takatifu 1888, ya Mwewe wa Dhahabu 1890. Ya Mwewe ilikuwa ya wanajeshi peke yao na ilifutwa 1947, kwa hiyo ile halali yoyote iko ndani ya miaka hiyo 57. Lakini Hazina Takatifu ya daraja la 8 ilitolewa kwa sura karibu ileile hadi mageuzi ya 2003, yaliyoondoa namba za madaraja. Ukiiangalia kwa mbali, huwezi kutofautisha ya 1895 na ya 1995.

Tambua daraja kwanza. Kwa Jua Linalochomoza, miale ikiwa na mpako wa dhahabu yote ni daraja la 1 hadi la 4. Minne ya dhahabu na minne ya fedha ni la 5. Yote ya fedha ni la 6. La 7 ni jani la mpaulonia (mti ulio nembo ya Kijapani) lenye enameli ya rangi, yaani kioo kilichochomwa juu ya chuma, na la 8 ni jani hilohilo la fedha tupu. Daraja la 4 lina ua la kitambaa juu ya utepe. Utepe wa la 5 wenye ua umebadilishwa, au mtu ameupandisha cheo.

Hatua ya 3: Soma kasha

Mimi kasha hulipa uzito kuliko chuma. Jina la nishani huandikwa kwenye kifuniko, na Wajapani walirahisisha herufi zao baada ya vita. Herufi za kale 勳 na 寶 (au 寳) zinaashiria kasha la kabla ya vita kuisha. Zile rahisi, 勲 na 宝, zinaashiria kasha la baadaye. Tena kuna pengo linalosaidia: utoaji wa nishani kwa watu walio hai ulisimamishwa 1946, ukarudi 1964. Kwa hiyo herufi hizo mpya kwa kawaida zinakupeleka 1964 au baada yake.

Hatari yake ni kwamba makasha hubadilishwa. Kasha la daraja la 6 lenye nishani ya la 8 ndani yake ni vitu viwili, si seti. Weka nishani kwenye kitanda chake cha mahameli: ikicheza, au alama ya zamani ya mkandamizo ikiwa na umbo tofauti, haikuzaliwa humo.

Hatua ya 4: Utepe

Utepe wa asili ni wa hariri, upana wake takriban milimita 37. Umulike kwa tochi gizani. Weupe unaowaka buluu kali ni dalili ya kitambaa au uzi wa baada ya vita. Utepe mpya si ulaghai. Hariri huoza na watu huibadilisha. Ila bei ishuke.

Hatua ya 5: Chuma

Medali halisi za vita zilipigwa kwa muhuri wa chuma. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, na metali ikipoa husinyaa. Medali ya vita ya 1904–05 ina kipenyo cha milimita 30. Ukipata 29.5, chukua lenzi utafute vitundu vya hewa, kingo za herufi zilizolegea, na mstari wa kiungo ukingoni. Sumaku ikiishika, irudishe kwa mwenyewe.

Kuwa mkali zaidi na medali ya Vita vya Asia Mashariki Kubwa, jina la Kijapani la vita vya Pasifiki vya 1941–1945. Ilianzishwa 1944, haikugawiwa, na karibu zote ziliharibiwa. Nyingi zinazouzwa ni nakala.

Hatua ya 6: Hati

Kwa kawaida nishani hizi hazichongwi jina la mpokeaji. Jina, daraja na tarehe vimo kwenye hati, na hati ikipotea, historia ya mtu nayo imepotea. Hati ya nishani ya heshima ina muhuri mwekundu wa dola, mraba wa takriban sentimita 9. Usiutumie kupima umri, kwa sababu muhuri huo ulitengenezwa 1874 na unatumika hadi leo. Soma tarehe iliyoandikwa wima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina mbili zenye bendera zilizopishana, bronzi nyeusi, zinafanana kabisa. Muuzaji anasema ni moja.*

Geuza mgongo, ndugu. Moja itakuwa na 大正三四年, ambayo ni 1914–15, na nyingine 大正三年乃至九年, ambayo ni 1914–1920. Ni medali mbili tofauti zenye uso mmoja. Ya 1904–05 nayo ina bendera, ila ilipakwa rangi ya dhahabu.

*Hazina Takatifu yangu imebanduka enameli kwenye mkono mmoja. Niijaze?*

Usijaze. Enameli halisi ni kioo kilichochomwa, na huwezi kuichoma upya bila kuharibu jirani yake. Wanaojaza hutumia resini, ambayo baada ya muda hugeuka njano na huonekana wazi chini ya tochi. Pengo la kweli lina thamani kuliko kiraka. Kabla ya kununua, gusa enameli kwa ncha ya sindano mahali pasipoonekana: ikizama, ni resini.

*Niko Tanga, unyevu unaniua. Fedha inakuwa nyeusi na bronzi imetoa uchafu wa kijani unaonata.*

Kijani kinachonata mara nyingi hutokana na mifuko laini ya plastiki aina ya PVC. Toa kila kitu humo leo, dada. Tumia karatasi isiyo na asidi au mifuko ya polyester, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) unayoikausha mara kwa mara. Raba na sufu viweke mbali, maana salfa yake ndiyo inayoipiga fedha weusi. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia: mpako wa dhahabu ni mwembamba na ukiondoka haurudi. Kasha la laka usilikaushe kupita kiasi, litapasuka. Liweke kando na kopo.

*Wangari Maathai alipewa Jua Linalochomoza 2009. Lilikuwa daraja la ngapi?*

Lilikuwa la juu, lile la utepe mpana wa begani. Halikuitwa tena "daraja la 1", kwa sababu mageuzi ya 2003 yaliondoa namba na kufuta kabisa la 7 na la 8. Kwa mkusanyaji hiyo ni alama nyingine: kifuniko chenye 勲 ikifuatiwa na namba ya daraja ni cha kabla ya mageuzi hayo.