Kabla hujaanza kumeza doksi kwa ajili ya chunusi

Kwanza hakikisha ni chunusi. Usicheke. Nimeona watu wazima, na akili zao, wakimeza vidonge mwezi mzima kwa tatizo ambalo vidonge havina habari nalo. Kama ni vipele vidogo vinavyolingana kama punje za ulezi, vimejaa kwenye paji la uso na vinawasha, huenda ni fangasi, na antibayotiki kama doksi itawapa fangasi uwanja wa kuchezea. Kama ni vipele vya kidevuni vinavyotoka kila ukinyoa, kinyozi na wembe ndio wa kuulizwa kwanza. Na kama umekuwa ukipaka mkorogo au yale makrimu yenye betamethasoni "ya kung'arisha", mwambie daktari ukweli wote, hata kama mama mkwe amekaa pembeni. Chunusi za mkorogo haziishi wakati mkorogo unaendelea. Ila usiukate kimyakimya peke yako, maana ngozi iliyozoea hizo krimu ukiikatisha ghafla inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo.

Hata zikiwa chunusi kweli, si zote zinahitaji vidonge. Vichwa vyeusi na vile vitundu vilivyoziba ni kazi ya krimu. Vidonge ni kwa zile nyekundu, zinazouma, zenye usaha, zilizoenea usoni, kifuani na mgongoni, ambazo krimu peke yake imeshindwa.

Usijichagulie dawa. Ampiclox iliyobaki ulipoumwa koo si dawa ya chunusi. Flagyl si dawa ya chunusi. Septrin usiiguse kabisa bila daktari: kuna watu wachache inawababua ngozi mwili mzima hadi mdomoni na machoni, na hilo ni la kulazwa hospitali, si la kupaka aloe vera. Dawa za kumeza zinazoandikwa zaidi kwa chunusi ni za ukoo wa tetrasaiklini, na ambayo utakutana nayo kila duka huku kwetu ni doksisaiklini, doksi, mara nyingi miligramu 100 kwa siku. Ikiwezekana mwone daktari wa ngozi. Hospitali nyingi kubwa wana kliniki ya ngozi, na pale KCMC Moshi ndiko wanakofundishwa wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Mimba: hapana. Kama huna uhakika, pima kabla ya kidonge cha kwanza. Unanyonyesha, sema. Mtoto chini ya miaka 8 asipewe, meno yanabadilika rangi na hayarudi.

Usimeze bila kupaka. Hili watu hawaambiwi. Antibayotiki peke yake inawafundisha bakteria kuizoea, ndiyo maana daktari anayejua kazi yake atakuandikia pamoja na krimu ya benzoili peroksaidi, na mara nyingi adapalini, krimu nyingine ya kupaka usiku. Benzoili peroksaidi bakteria hawaizoei. Onyo dogo: inachujua nguo. Foronya yangu ya bluu sasa ina mabaka meupe kama ramani, na kanga moja niliyoipenda nimeigeuza ya kudekia. Lalia foronya nyeupe, futia taulo nyeupe.

Na kuwa na subira, lakini subira yenye mwisho. Wiki mbili za mwanzo hutaona kitu. Wiki ya sita hadi ya nane ndipo uso unaanza kuonyesha dalili. Kwa kawaida dawa hizi hazitakiwi kuzidi miezi mitatu hivi, kisha unaacha vidonge na kubaki na krimu. Anayekuambia "endelea tu" mwaka mzima, muulize sababu. Na madoa meusi yanayobaki doksi haiyafuti, hayo ni habari nyingine.

Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia usivimeze pamoja na doksi. Vinaikamata tumboni, inapita bila kuingia mwilini. Achanisha angalau masaa matatu. Na usiimeze kwa maziwa wala mtindi. Chakula cha kawaida hakina neno, tena kinasaidia kichefuchefu.

Sasa maji. Hapa kaa chini tuongee.

Kibahasha nilichopewa dukani kiliandikwa kwa kalamu ya bluu "1x1", basi. Mimi nikajipangia usiku, maana asubuhi ni mbio za daladala. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Usiku wa nne umeme ulikatika, nami nimeshajilaza, neti nimeichomeka pembe zote nne. Nani atoke kwenye neti kufuata maji jikoni gizani? Nikapapasa chini ya mto, nikatoa kapsuli moja. Pembeni ya kitanda kulikuwa na kikombe cha chai ya rangi iliyobaki jioni, funda moja, imeshapoa. Nikameza nayo, nikajigeuzia ukutani. Nilihisi kitu kimenasa katikati ya kifua, nikajiambia kitashuka chenyewe.

Saa tisa usiku niliamka kama niliyemeza kaa la moto. Maumivu yalikuwa nyuma ya mfupa wa kifua, yanapenya hadi mgongoni, katikati ya mabega. Nikimeza mate, machozi yanatoka. Nikajua ni moyo, nimekwisha. Dada yangu yeye alijua ni vidonda vya tumbo, akaniletea maziwa, na funda la kwanza nililipigia ukelele hadi jirani akagonga ukuta.

Hospitali walipima moyo kwanza, mzima. Daktari alikuwa mzee mmoja mpole, akavua miwani na kuuliza, "Binti, kuna dawa unatumia?"

"Doksi, dokta. Ya chunusi."

"Unameza saa ngapi?"

"Usiku, nikiwa nalala."

"Na maji kiasi gani?"

Nikanyamaza. Hakuhitaji jibu. Akanieleza kwamba kapsuli ya doksi ina ganda linalonata. Ukiimeza kavu na kulala chali, inaganda kwenye umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, inayeyukia hapohapo, na doksi ikiyeyuka ni tindikali kali. Inachoma nyama laini ya umio sehemu moja, kama betri iliyovuja kwenye redio. Anasema anawaona wengi, wengine wameshazunguka wakitibiwa "gesi" bila mtu kuuliza habari za kidonge. Wachache kidonda kinatoa damu. Akanisimamishia doksi, akanipa omeprazoli na dawa ya maji ya kutuliza, akaniambia nisubiri, kidonda cha umio kinapona chenyewe kikiachwa.

Kilipona, lakini si kwa haraka niliyotaka. Siku nne niliishi kwa uji wa mchele uliopoa, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko nilikisikia kinapita mahali palepale, naweza kukuwekea kidole. Nilikaa mezani nikitazama wenzangu wanamega ugali. Ugali wenyewe niliurudia wiki ya pili, tonge dogo la mtoto, nikalitafuna hadi likawa maji.

Baadaye nilipita kwenye lile duka la dawa. Si kugombana, nilitaka tu ajue. Kaka wa dukani akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Pole dada. Ila hukuuliza." Ni kweli, sikuuliza. Lakini "1x1" inaniambia idadi, hainiambii namna, na mtu asiyejua kwamba kuna namna atauliza nini?

Kwa hiyo, glasi nzima ya maji, si funda, si mate, si chai iliyolala. Kunywa kidogo kabla ili koo lilowe, weka kidonge, malizia glasi. Uwe umesimama au umekaa wima. Usilale nusu saa, na ikiwa saa nzima ni bora zaidi. Afadhali umeze mchana baada ya kula kuliko usiku. Ukisahau hadi umeshapanda kitandani, siku hiyo achana nayo, utaendelea kesho kama kawaida, na kesho usimeze mbili kufidia. Ukihisi kimenasa, amka, kunywa maji mengi, kula kipande cha ndizi au mkate, tembeatembea ndani. Mimi siku hizi kibahasha chochote nikipewa nakigeuza nyuma na kuandika mwenyewe mbele ya muuzaji: maji, chakula, kulala. Wengine wananuna. Wanune.

Jua. Doksi inaifanya ngozi ibabuke haraka juani, na weusi wetu si mwavuli. Rafiki yangu alikwenda Bagamoyo Jumamosi moja akiwa kwenye dozi, akarudi pua na mabega yanachunika. Kofia, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, hasa kama unashinda juu ya bodaboda. Jua hilohilo ndilo linalokoleza madoa.

Kichwa kikiuma sana bila kuacha, ukaona ukungu au vitu viwiliviwili, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Ni nadra, lakini presha ya ndani ya kichwa inaweza kupanda na kuharibu macho. Kwa sababu hiyohiyo doksi haichanganywi na isotretinoini, dawa nyingine ya kumeza ya chunusi kali, wala na vidonge vya vitamini A vya nguvu. Ukeni kukianza kuwasha na kutoa uchafu kama mtindi, fangasi wamepata nafasi, rudi utibiwe, usione haya. Kuharisha damu, rudi. Vipele mwili mzima, midomo kuvimba, usisubiri asubuhi.

Angalia tarehe ya mwisho, na usikubali vidonge vilivyomwagwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Tetrasaiklini zilizopitwa na wakati zimewahi kuharibu watu figo. Vikibaki, usimpe mdogo wako eti naye ana chunusi.

Na ukiandikiwa dawa nyingine yoyote ndani ya miezi hiyo, sema unatumia doksi. Dawa ya TB, dawa ya kifafa, dawa ya kuyeyusha damu, hata ya jino. Hata ya kienyeji. Hata ile ya kupunguza mwili aliyokuletea shoga yako kutoka Kariakoo, hasa hiyo.