Kumtambua mwanagenzi katika vibanzi vya gumegume

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na lundo la vibanzi vya gumegume mbele yake, yaani vipande vilivyobanduliwa kwa kuligonga jiwe gumu la kutengenezea zana, anayetaka kujua kama miongoni mwa wachongaji alikuwamo mtoto anayejifunza. Mfano wangu ni Étiolles, kambi ya wawindaji wa mwishoni mwa enzi ya barafu, kando ya mto Seine, kusini mwa Paris, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1972.

Hatua ya 1. Usiinue kibanzi chochote kabla ya kupima na kuandika kilipolala. Niliwahi kulipuuza hili, nikabaki na debe la mawe mazuri yasiyosema lolote.

Hatua ya 2. Rudishia vibanzi kwenye jiwe mama, yaani bonge vilikobanduliwa. Vipange kwa rangi na kwa ganda la nje, kisha ujaribu nyuso mojamoja mpaka mbili zilale bila mwanya. Kazi hii hula wiki nyingi.

Hatua ya 3. Soma makosa. Fundi husugua ukingo kwanza, kisha hugonga karibu nao, mahali ambapo pembe haijafika nyuzi 90. Kibanzi chake hutoka kirefu na chembamba, na Étiolles vimo vinavyozidi sentimita 30. Mwanagenzi hugonga ndani mno, kibanzi kikakatikia njiani na kuacha kidato; badala ya kukiondoa kwa kugonga kutoka upande wa pili, huongeza nguvu palepale, vidato vikapandana kama ngazi na ukingo ukajaa alama za mapigo yasiyobandua kitu. Pitisha kidole gumba hapo: utavihisi vidato kabla hujaviona.

Hatua ya 4. Rudi kwenye ramani ya vipimo ulivyoandika katika Hatua ya 1, uone kila jiwe mama lililala wapi. Mwanaakiolojia Nicole Pigeot, aliyechunguza makao ya Étiolles yaitwayo U5 katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba kazi bora kabisa ilifanyika karibu na moto, na kadiri ujuzi ulivyopungua ndivyo mchongaji alivyokaa mbali nao.

Hatua ya 5. Usikimbilie kuandika "mtoto". Mtu mzima asiyejua naye huacha vidato, na jiwe lenye ufa wa ndani humwaibisha hata fundi. Ila vidato vikijirudia kwenye mawe mama kadhaa, mapigo yakiwa hafifu, na mawe hayo yote yakiwa yamelala mbali na moto, dai hilo linaanza kusimama.